Mkono Ulioua na Mfuko Uliolipa: Hadithi ya Upelelezi na Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina umri wa zaidi ya nusu karne, nayo imekwisha kuwafunza wasomaji wake mengi: kutilia shaka kauli ya shahidi, kuupima muda, kuzitazama nyayo, kusikiliza hata lile lililonyamaziwa. Jambo moja haijawafunza sawasawa, nalo ni kufuata fedha. Aghalabu msomaji huambiwa kwamba muuaji "alilipwa". Neno hilo hutajwa mara moja tu, katika sura ya mwisho, pindi mhalifu anapokiri akiwa na pingu mikononi, kisha hadithi hufungwa. Alilipwa kiasi gani, kwa njia gani, na mkono wa nani. Na huyo aliyetoa alizipata wapi fedha hizo: maswali hayo huachwa yakielea kana kwamba ni ya wahasibu na wala si ya fasihi.

Makala hii inadai kwamba kasoro hiyo si ya kiufundi tu. Ni kasoro ya kimaadili, na madhara yake huonekana waziwazi pale ambapo mandhari ya hadithi ni mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Hapo mwandishi asiyefuata malipo huutia hatiani mtaa mzima na kumwachilia huru yule aliyewalipa wachache miongoni mwa wakazi wake. Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pembamba. Mwandishi wa namna hiyo haonyeshi tu jinsi kamba inavyokatika. Yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaoivuta.

Kutoka Ukoo hadi Ubeberu

Haitakuwa haki kuwalaumu waasisi kwa jambo ambalo zama zao hazikuwadai. Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, alimuumba Bwana Msa, mtu wa kiko na tafakuri, asiye askari wala mwajiriwa wa serikali. Katika ulimwengu wa Bwana Msa siri hukaa ndani ya ukoo. Kinachotafutwa ni nani mtoto wa nani, nani mume wa nani, nani amejificha nyuma ya jina lisilo lake. Majina ya vitabu vyenyewe, kama Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), yanaelekeza huko. Katika jamii ndogo ya Unguja, ambamo watu walijuana kwa nasaba, njia hiyo ya upelelezi ilikuwa na mantiki yake.

Faraji Katalambulla aliileta simu katika Simu ya Kifo (1965), na pamoja na simu ukaja mji ambamo mtu anaweza kuuawa na asiyemjua. John Simbamwene alikwenda mbali zaidi kwa kuipa riwaya yake ya 1972 jina Kwa Sababu ya Pesa. Hata hivyo, jina hilo lenyewe linadhihirisha tatizo linalojadiliwa hapa. Pesa inatajwa kama sababu, na sababu ikishatajwa uchunguzi huonekana kuwa umekamilika. Lakini pesa haiwi sababu tu. Pesa ni tendo: hutolewa, hupokewa, huandikwa, hufichwa. Kusema kwamba fulani aliuawa kwa sababu ya pesa ni kama kusema alizama kwa sababu ya maji.

Kisha akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, ambaye katika Kufa na Kupona (1974) anatumwa Nairobi. Hapa adui ana mtandao, na msaliti hununuliwa. Hata hivyo, fedha inayomnunua hutoka nje, kwa mabeberu na makaburu, na kwa kuwa chanzo chake kinajulikana tangu mwanzo, hakuna haja ya kuifuata. Inatosha kupiga ngumi na risasi. Katika miaka ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika jibu hilo lilikuwa na uzito wake wa kisiasa. Linapogeuzwa kuwa desturi na kuhamishiwa Kayole au Dandora, ambako aliyelipa si mgeni, huwa ni namna ya kukwepa.

Sentensi Isiyo na Mtenda

Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anafahamu kwamba kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtenda. "Mweka hazina aliuawa" ni sentensi kamili. Si lazima kuongeza "na fulani". Kazi yote ya hadithi ya upelelezi ni kuirudisha ile "na" iliyodondoshwa. Mwandishi wa kawaida huirudisha mara moja: mweka hazina aliuawa na kijana wa mtaani. Lakini kijana naye ana sentensi yake: alilipwa. Na hiyo nayo inadai "na" yake. Hadithi inayoishia kwenye kitenzi cha kwanza imelifumbua fumbo nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, uliojengwa kwa ajili ya hoja hii peke yake. Mweka hazina wa chama cha wapangaji katika mtaa mmoja mkongwe wa Eastlands anakutwa amekufa alfajiri karibu na kituo cha matatu. Kwa muda mrefu wapangaji wamekuwa wakipinga kuondolewa katika nyumba zao. Polisi wanamkamata kijana anayeishi katika chumba kimoja huko Kayole, na kisu kinapatikana chini ya kitanda. Katika msuko uliozoeleka patatokea msichana, wivu, ungamo na machozi. Msomaji atafunga kitabu akiwa ameridhika, na nyumba za mtaa ule zitabomolewa nje ya hadithi.

Sasa mpelelezi huyohuyo apewe jicho jingine. Katika kitabu cha stakabadhi cha mlinzi wa jengo anagundua kwamba kijana alikuwa na malimbikizo ya kodi ya miezi mitatu, na kwamba aliyalipa yote kwa siku moja, juma moja kabla ya mauaji. Hayo ndiyo malipo ya kwanza ya kutiliwa shaka, na yamepatikana palepale ambapo umaskini huacha maandishi yake: kwenye deni. Kijana anasema alikopeshwa. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha shilingi 20,000 kutoka katika laini iliyosajiliwa kwa jina la ajuza wa kijijini ambaye hajapata kufika Nairobi. Kitambulisho cha ajuza kilitumiwa na mpwa wake, karani katika ofisi moja ya mjini. Karani anasema ilikuwa asante kwa kazi ya kubeba mizigo. Daftari la wakala aliyeipokea fedha taslimu lina tarehe, kiasi, namba ya kitambulisho na sahihi. Ofisini, fedha hiyo ilitoka katika kasha la matumizi madogo chini ya kichwa "huduma za ushauri". Na kampuni yenye ofisi hiyo imeomba ardhi ya mtaa ule.

Kinachostahili kuzingatiwa na mhakiki katika mfano huu ni kwamba katika kila hatua mauaji yanabadilishwa jina. Kayole yanaitwa mkopo. Kwa karani yanaitwa asante. Katika vitabu vya kampuni yanaitwa ushauri. Pengine juu zaidi yataitwa maendeleo. Njia ya malipo, kwa hiyo, ni mnyororo wa tasfida. Kiswahili cha Afrika Mashariki kina hazina kubwa ya maneno ya aina hii: chai, kitu kidogo, bakshishi, mkono wa pongezi. Wahenga nao walikwisha kulisema kwa ufupi: mkono mtupu haulambwi. Nani, basi, aliye na zana bora za kuufuata mnyororo huo kuliko mwandishi na mhakiki wa fasihi, ambao kazi yao ni kutambua pale ambapo neno moja limewekwa mahali pa jingine? Dai kwamba ufuatiliaji wa fedha ni kazi ya wahasibu linaanguka hapo. Mhasibu hujumlisha tarakimu. Tasfida humhitaji msomaji.

Mtaa Ulioshtakiwa

Ni kwa nini Eastlands? Kwa sababu hakuna sehemu ya Nairobi iliyobebeshwa jinai na hadithi, filamu na magazeti kama hiyo. Jina la mtaa likitajwa tu, msomaji huwa amekwisha kumwona muuaji. Desturi hiyo haina aibu mbele ya historia. Mitaa miwili ya huko ina majina ya watu waliouawa: Mbotela inamkumbuka Tom Mbotela, kiongozi katika KAU aliyeuawa Novemba 1952, na Ofafa inamkumbuka diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953, wote katika wakati wa Hali ya Hatari. Wakazi wa Ofafa Jericho na Ofafa Maringo hutaja jina la marehemu kila wanapotaja wanakoishi. Mwandishi anayeiona mitaa hii kama machimbo ya wauaji tu hajausoma hata ubao wa majina.

Mitaa hii vilevile ni historia ya malipo. Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi ambao jiji lilihitaji mikono yao lakini halikutaka waishi karibu na waajiri. Dandora ilianzishwa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi wa viwanja vipatavyo 6,000 ambavyo wenye kipato cha chini wangejijengea. Vingi baadaye viliwatoka waliokusudiwa na kuangukia kwa wenye nyumba wanaoishi kwingine. Kodi hutoka Dandora kila mwezi na kwenda mahali ambapo hadithi za jinai hazifiki. Ikiwa fedha ya kila siku ya Eastlands ina wenyewe nje ya Eastlands, ni kwa mantiki gani fedha ya mauaji iishie kwenye chumba cha Kayole?

Historia ya siasa ya Kenya imeuliza swali hilohilo bila kujibiwa. Tom Mboya, aliyechaguliwa kuiwakilisha Nairobi Mashariki katika uchaguzi wa 1961, alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katika barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Mtu mmoja alishtakiwa, akahukumiwa na kunyongwa mwaka huohuo. Iwapo alitumwa, na ni nani aliyemtuma, ni swali ambalo mahakama haikulijibu na ambalo watu hawajaacha kuliuliza. J. M. Kariuki aliuawa Machi 1975. Kamati ya Bunge ilichunguza na kutoa ripoti yake Juni mwaka uleule, lakini hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo. Katika kesi ya kwanza mkono ulipatikana na uchunguzi ukasimama. Katika ya pili hata mkono haukuhukumiwa. Taifa lenye kumbukumbu za namna hii lina haki ya kudai kutoka kwa hadithi za kubuni kile ambacho faili zake zimelinyima. Linapopewa hadithi ambazo nazo husimama palepale faili ziliposimama, limenyimwa mara mbili.

Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba hesabu huchosha. Wanaotoa hoja hii wamesahau yaliyotokea Nairobi kuanzia 2003, wakati tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire ilipoichunguza kashfa ya Goldenberg hadharani. Siku baada ya siku umma ulifuatilia hundi, benki na fidia ya asilimia 35 iliyolipwa kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwapo. Wasomaji wa magazeti, wengi wao wasio na elimu yoyote ya uhasibu, waliyajua majina ya kampuni kama wanavyoyajua majina ya wachezaji wa kandanda. Taharuki haikutokana na risasi. Ilitokana na swali: zilikwenda wapi? Umma uliokwisha kuisoma hadithi ngumu kama ile hautashindwa na stakabadhi ya kodi na daftari la wakala.

Pingamizi la pili ni la uhalisia. Inasemekana kwamba polisi hawafuati malipo hadi mwisho, kwa hiyo riwaya inayowaonyesha wakifanya hivyo ni ndoto. Jibu ni kwamba kufuata si lazima kufika. Mtaliano Leonardo Sciascia, katika Il giorno della civetta (1961), alisimulia juu ya mwenye kampuni ya ujenzi anayepigwa risasi alfajiri akikimbilia basi, na abiria wanaotawanyika bila kuona lolote. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa mandhari hayo. Kapteni Bellodi anatambua kwamba njia ya kumfikia mkubwa ni akaunti za benki na kodi ya mapato, si ungamo. Hafiki. Uchunguzi unavunjwa kutoka juu, na mauaji yanapewa maelezo mengine: wivu wa mapenzi. Lakini msomaji ameonyeshwa mahali hasa ambapo uzi ulikatwa, na ameuona mkasi.

Hapo ndipo penye aibu kubwa kwa waandishi wanaolaumiwa na makala hii. Kile ambacho katika kitabu cha Sciascia ni uongo wa wahalifu, yaani kuyageuza mauaji ya fedha kuwa mauaji ya mapenzi, katika hadithi nyingi za jinai ndicho suluhisho analolitoa mwandishi mwenyewe, tena kwa nia njema. Mwandishi anafanya kazi ya wakili wa mwenye mfuko, na halipwi hata senti.

Pingamizi la tatu ni la hofu. Inasemwa kwamba katika Kenya mwandishi aliyenyosha kidole alifungwa. Ni kweli, na haipasi kusahauliwa: Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Desemba 1977 na Katama Mkangi 1986. Lakini Petals of Blood ya Ngũgĩ, iliyotoka 1977, ni somo zuri katika suala hili. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe wanateketea kwa moto, na Inspekta Godfrey anaanza kazi. Upelelezi wake unamfikisha kwa aliyewasha moto, naye anatosheka. Usimulizi, hata hivyo, hautosheki. Kwa mbinu rejeshi humchukua msomaji nyuma kupitia mikopo ya benki, ardhi iliyowatoka wakulima na leseni ya pombe iliyonyang'anywa, mpaka aelewe wale watatu walivyotajirika. Ndani ya kitabu kimoja mna upelelezi wa aina mbili: wa askari, unaoishia mkononi, na wa msimulizi, unaofika mfukoni. Riwaya hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Hakuna kilichoizuia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili kujifunza kwake isipokuwa mazoea.

Hofu ya siku hizi aghalabu si ya kizuizi bali ya soko. Kitabu kinachotarajiwa kuingia shuleni hudaiwa mwisho wenye maadili, na mwisho huo hueleweka kuwa ni mhalifu kukamatwa. Inafaa kuuliza ni maadili gani anayofunzwa mwanafunzi wa Umoja au Huruma anapopewa kitabu baada ya kitabu ambamo anayekamatwa ni jirani yake na anayelipa hana jina.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa wahakiki wenyewe, wale wanaoiweka hadithi ya upelelezi katika kapu la fasihi pendwa na kuliacha mlangoni. Kwao, kudai maadili kutoka kwa kitabu cha kusomwa ndani ya matatu ni kupoteza wakati. Hoja hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Kwa kuwa kinasomwa ndani ya matatu, na wengi, kitabu hicho ndicho kinachowazoesha watu mahali pa kutazama jinai inapotokea. Mhakiki anayekidharau amewaachia wengine kazi ya kuunda macho ya umma, kisha anashangaa umma unapotazama chini tu.

Hitimisho

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, visingizio vya kiufundi vimekwisha. Zamani fedha ya mauaji ilitembea katika bahasha, na bahasha haisemi. Leo hata shilingi mia mbili za Eastlands zina saa, namba na jina, ingawa jina hilo laweza kuwa la kuazima. Na jina la kuazima ni mwanzo mzuri wa sura yoyote ya upelelezi. Mwandishi ambaye wahusika wake wanatumiana fedha kwa simu lakini mpelelezi wake bado anangojea ungamo, hajaandika juu ya Nairobi ya leo.

Matakwa ya makala hii ni machache. Mwandishi asilitumie neno "alilipwa" bila kujiandaa kuirudisha "na" yake. Asimpe muuaji maskini kiu ya fedha huku akimwacha aliyetoa fedha bila umbo, bila ofisi, bila sauti. Ikiwa uzi utakatwa, na ukatwe mbele ya msomaji. Na mhakiki naye aache kuzipima riwaya hizi kwa taharuki na umbuji peke yake. Aulize, kwa kila maiti inayookotwa kituoni katika sura ya kwanza, ni nani aliyekuwa na stakabadhi katika sura ya mwisho.